Asigonge Sana

Julai. Moshi imejifunika blanketi hadi puani,
mlima haujaonekana tangu Jumatatu,
nami nimezima taa ya sebuleni
nikamwambia Nakijwa, miaka sita, pengo mbili mdomoni:
leo utaangalia picha ya kutisha.
Ya zamani. Ya tangu rangi hazijafika dukani.

"Kwa hiyo watu walikuwa wa kijivu?"
Walikuwa wa kijivu. Shika mto.

Mimi hofu niliinunua kwa shilingi tano
kwenye kibanda umiza cha Majengo, nyuma ya mashine ya kusaga,
madirisha yamezibwa kwa magunia ya kahawa,
jenereta linakohoa nje,
na Kaka Mrutu, sauti imekwaruzwa na sigara kali,
akimsemea mfu, akimsemea mjane,
akimsemea hata mbwa.
Nilitoka humo magoti yakigombana,
nikapita kando ya makaburi bila kuvuta pumzi,
na mama alikuwa kasimama mlangoni na kandili.
Hakuwahi kusubiri nigonge.
Alinichapa, akanipa uji,
hadi leo sijui kipi kilitangulia kunipa joto.

Sasa mkalimani ni mimi.
Mfu anatoka kaburini, anajipangusa vumbi,
anashuka kijijini na viatu vyake vya kuzikiwa,
ngo, ngo, ngo, kwa mjane wake.
"Anasema nini, baba?"
Anasema: hakuna atakayeliona jua humu ndani.
Nikatafsiri: anaulizia koti lake.
"Mbona anauliza kwa hasira?"
Kuna baridi huko alikotoka.

Nilingoja apige yowe. Nilijiandaa,
mkono mmoja kwenye swichi, mwingine begani kwake,
maana huyu ni mtoto anayekimbia blenda,
anayelia kinyozi akiwasha mashine.
Yeye akatafuna bisi.
"Kamba imeonekana," akasema, popo alipopita.
Halafu: "Huyo mama naye. Si amfungulie tu?
Ni mume wake."
Na uso wa mfu ulipojaa dirisha zima, ghafla,
aliyeruka ni mimi.
Bisi tuliziokota hadi chini ya kabati.

Saa nne nikamlaza.
"Bibi tulimzika na sweta lake?"
Hapana. Lile la bluu liko kabatini.
"Na kule Ugweno kuna baridi?"
Ipo.
"Kuliko hapa?"
Kuliko hapa.
Akageukia ukutani. Hakuomba taa iachwe.

Nikabaki na usiku wangu.
Bati likijinyoosha, nahesabu.
Mbwa wa jirani akinyamaza, nahesabu kunyamaza kwake.
Mtu mzima, fundi umeme wa watu,
naogopa kwenda chooni nyumbani kwangu.

Alfajiri nikaenda kuchemsha maji.
Komeo la mlango wa mbele limevutwa.
Chini yake stuli ya plastiki, ile ya kuogea.
Na kwenye kiti cha pembeni,
limekunjwa kama anavyokunja anayejifunza kukunja,
mikono imevukishana kifuani,
sweta la bluu.

Nani kafungua mlango usiku? Wangeingia wezi!
Blanketi likajibu:
"Mimi. Nilitaka bibi asigonge sana.
Wewe ungeogopa."

Ukungu ulikuwa umefika kizingitini,
umesimama pale kama mgeni anayevua viatu.
Nililiinua sweta. Lina harufu ya moshi wa kuni bado,
na kwenye kiwiko, kiraka nilichokishona mimi vibaya
mwaka ule macho yake yalipoanza kugoma.
Nikalirudisha palepale kitini.
Maji yalichemka mpaka yakaanza kupungua.

"Baba."
Naam.
"Leo tuangalie nyingine.
Ila safari hii tafsiri yote."